Mama wa Ratiba za Biolojia

Mama sekretari wa biolojia, kule chuo kikuu cha Kasapa, anavua viatu chini ya meza kabla hujamaliza kusema bonjour. Penseli anaichomeka kwenye nywele, na kila akifuta anapuliza karatasi taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Yaya Clotilde, dada yangu niliyemsindikiza, alipomwonyesha ratiba aliyoiandika kwa bic, kalamu ya wino usiofutika, mama aliisukuma kando. "Mwana wangu, programme banaiandikaka na crayon," akasema, akichomoa penseli nyweleni. "Mwaka iko murefu." Yaya alikuwa na deni la kemia ya mwaka jana, somo aliloanguka, na saa za kemia hiyo zinagongana na matembezi ya botania ya kuchuma mimea, Alhamisi. Akasema kwa sauti ndogo: "Basi, botanique nitaifanya mwaka ya kesho." Mama akacheka. "Maua itakungojea? Mvua ikiisha utachuma nini, majani ya kukauka?" Kisha akainamia karatasi yake ya penseli, maana bila kemia hufiki kwenye jenetiki, na bila botania yaya angerudia mwaka mzima. Nilihesabu: alifuta Alhamisi mara nne, hadi karatasi ikatoboka. Ghafla tukasikia gari la profesa wa botania likiwashwa uani. Mama aliruka. Kupitia dirisha nilimwona akikimbia peku kwenye matope mekundu, ratiba mkononi, akagonga kioo cha gari. Viatu vyake vilibaki chini ya meza. Alirudi akihema. "Prof anaitika. Utaenda na groupe ya samedi." Jumamosi haikugongana na kitu. Alipokaa hakutafuta penseli. Alimwomba yaya ile bic.