Meno ya Juu

Mgodi wa almasi wa Mwadui ulipokuwa bado mpya, vijana wetu wa Mhunze walikimbilia huko. Mume wangu alibaki na ng'ombe wake. Aliwaongoza kwa mluzi. Lamboni, kwenye bwawa la mifugo, makundi ya ng'ombe wa watu mbalimbali yalichanganyika yakinywa maji, kisha yeye akipiga mluzi wake kupitia meno ya mbele, wa kwetu walijitenga wenyewe wakamfuata. Nilimpendea mluzi ule, sioni aibu kusema.

Fizi zake zikaanza kutoka damu akipiga mswaki. Basi akauacha mswaki, kama walivyofanya wote kwetu: panapovuja damu hapaguswi. Akawa anapachika ugoro kwenye fizi kutuliza maumivu. Kinywa kikanuka, meno yakaanza kucheza. Nilimsumbua mpaka akakubali twende kwa mganga wa meno aliyefika hospitali ya misheni.

Mganga alimchoma sindano ya ganzi, akapenyeza kijichuma chembamba chini ya fizi za chini, akakwangua. Ukatoka ukoga mweusi, mgumu kama masizi ya chungu.

"Haya ya chini yatapona," akaniambia. "Ya juu nitayakwangua mkirudi. Msikawie, mama. Na apige mswaki hata damu ikitoka."

Fizi zikapona, zikanywea, nafasi zikaonekana kati ya meno. Mluzi ukavuja. Ng'ombe wakabaki wanamtazama kama mgeni.

"Kanitoboa kinywa yule," akasema. "Ya juu simpelekei."

"Nafasi zilikuwepo, baba watoto! Zilizibwa na uchafu tu."

"Ulikuwemo mdomoni mwangu?"

Shemeji zangu wakacheka. Nilikasirika hata chakula sikupika. Nilimwona anayapoteza meno yake, na mwanamume mzima humbebi mgongoni.

Mavuno yaliyofuata meno ya juu yalianza kutoka, moja baada ya jingine, moja hata ndani ya tonge la ugali. Ya chini, yaliyokwanguliwa, alizeeka nayo.

Jioni moja lamboni alipuliza, yakatoka mate na upepo. Ng'ombe wetu wakaanza kuondoka na kundi la jirani. Akanigeukia, machozi yakimlengalenga.

"Waite wewe."

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Nilipiga, mbele ya wanaume wote, kwa pumzi zangu zote. Hakuna ng'ombe aliyegeuza hata sikio.