Onagre za Mama Chérie

Mwaka mzima watu wa Bwera walimcheka Esperance, na tusidanganyane, walikuwa na sababu. Mwanamke amekimbia vita kule Beni, Kongo, amekuja na binti mmoja, Chérie, na sufuria moja, amepewa kipande cha ardhi kilichojaa changarawe, jua linakipiga toka asubuhi hadi jioni, halafu anapanda nini? Maua. Mihogo aliijaribu, ikanyauka. Mahindi yakaungua yangali magotini. Ndipo akafungua kitambaa alichovuka nacho mpaka, akatoa mbegu za marehemu baba yake, aliyekuwa akitunza bustani ya mapadri huko Butembo. Mzee yule aliyaita onagre. Yanapenda jua kali na udongo wa mawe, alikuwa akisema, na ukiyamwagilia sana unayaua.

Aina zilikuwa tatu. Kulikuwa na ya waridi, fupi, inayotambaa na kuchanua mchana. Kulikuwa na nyeupe, ndogo. Na kulikuwa na ya manjano, inayofika kiunoni, ambayo mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yamelala chini kama mchicha. Hii ya manjano na ile nyeupe huchanua jua likizama. Miche ya waridi ndiyo iliyomlisha, kwani wenye nyua kavu mpaka Hima waliifuata, wakifurahia ua lisilodai maji. Chérie akaingia kujifunza ushonaji. Na Esperance, kwa mara ya kwanza tangu avuke, akaanza kulala bila viatu miguuni.

Mwenye ardhi alikuwa mzee Kathembo, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Alikuwa amemwambia mapema: "Nakupa mpaka Pasaka ya pili. Kama hapa haizai kitu, nitaifanyia kazi ingine." Pasaka hiyo ikapita. Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, akashuka kwenye bodaboda, amevaa koti.

"Mama Chérie, kuna tajiri anataka hapa, pa kuoshea malori. Ananingoja Kasese, imebaki kusaini tu. Akirudi Kampala leo bila kusaini, atanunua ya Nyakiyumbu. Nimekuja nikuambie kwa mdomo wangu."

Esperance akamwonyesha shambani kwa mkono. "Papa, angalia maua kwanza."

Mzee akaangalia. Lo, na saa yenyewe ya kuangalia! Alhamisi mbuzi wa jirani walikuwa wameyala ya waridi yote mpaka kwenye shina. Yaliyobaki yalikuwa yamefumba, na maua ya jana yananing'inia kama vitambaa vilivyolowa. Akaligusa moja kwa fimbo.

"Hii ndiyo kuzaa?"

"Inafungukaka mangaribi, papa. Ungojee kidogo."

"Magharibi nitakuwa Kasese."

Akageuka. Mfa maji haachi kutapatapa. Esperance alikimbilia jikoni, akatoka na chungu, akakiinjika juu ya mafiga mbele ya macho ya mzee, akamimina maharagwe na maji. "Minakupikia, papa. Ikala hapa kwa kiti."

Sasa, kwa Wakonzo kama mzee, na kwa Wanande wa ng'ambo kama Esperance, ambao ni ndugu zao, mtu mzima haondoki chungu kikiwa kimeinjikwa kwa ajili yake. Akiondoka, amemtukana mwenye nyumba, na habari itamtangulia kanisani. Kathembo alikitazama kile chungu, akamtazama mwanamke, akajua amefungwa. "Umenifanyia ujanja," akasema. Akakaa. Mwenye boda akaambiwa angoje.

Saa tisa simu ikalia mfukoni mwake. "Naja," akasema. "Niko kwa chakula." Saa kumi ikalia tena, na safari hii sauti ya tajiri ilisikika mpaka jikoni: atangoja mpaka saa mbili ya usiku, si dakika zaidi.

"Hayo maharagwe ni ya mwaka gani?" mzee akauliza.

"Ya zamani kidogo, papa."

Aliyachagua makongwe makusudi. Kila alipoinama kuchochea moto alikuwa akichomoa ukuni mmoja, na uso ulimwaka kwa aibu. Mtu aliyempa mahali pa kuweka kichwa, yeye anamlaghai mchana kweupe. Lakini angefanya nini? Aende wapi tena, na mara ya ngapi? Juu ya mlima wingu jeusi lilikuwa linajikusanya, na mvua ikipiga, hayo maua hayatakuwa kitu. Akawa anasali bila kutikisa midomo.

Saa kumi na moja harufu ikamsaliti. "Yameiva," mzee akasema.

"Nasonga bundu kwanza."

Unga wa huo ugali haukutosha, akaenda kuazima. Akarudi polepole. Akasonga, akafunika, akapangusa sahani zilizokuwa safi. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu Kathembo akasimama, fimbo mkononi.

"Mama Chérie. Usinichezee. Mimi si mtoto wako."

Hapo ujanja ukamwishia Esperance. Akaweka mwiko chini.

"Chakula iko tayari tangu saa kumi na moja, papa. Nilikudanganya. Sikuwa na kamba ingine ya kukufunga. Kama unaenda, enda. Mutu yeyote akiniuliza, nitasema ulikula ukashiba."

Mzee akafunga koti. Akashika njia ya kuelekea kwenye boda, na njia ilipita katikati ya maua. Esperance hakuinua macho. Alisikia nyayo kwenye changarawe, moja, mbili, tatu, kisha zikanyamaza.

Kando ya mkono wa mzee, tumba moja la manjano lilikuwa limeanza kutetemeka pasipo upepo. Ganda likapasuka, likajikunja nyuma. Ua likajisokota taratibu, likafunguka lote akiliangalia, pana kama kiganja cha mtoto. Akafungua kinywa aseme, na la pili likafunguka, na la tano, na yale meupe chini ya miguu yake, mpaka ile changarawe aliyoirithi na kuidharau miaka yote ikawa haionekani. Wadudu wa jioni wakaja. Alisimama hapo muda mrefu, na Esperance akaona mabega yake yanashuka.

Simu ikalia. Kathembo akaitoa, akaiweka sikioni, akamsikiliza tajiri mpaka mwisho.

"Hapana," akasema. "Nilikosea kukuambia iko wazi. Hiyo ardhi iko na mtu."