Mkamwana Ulingoni

Mabega ya wifi yangu yalisemwa Lupepo nzima tangu siku ya harusi. Mikungu ya ndizi ambayo kaka yangu aliisukuma kwa baiskeli huku akilalamika, yeye aliibeba kichwani na bado akabakiwa na pumzi ya kunicheka. Tulitaniana sana, kama mawifi wanavyopaswa. Nilimwambia kaka yangu alidhani ameoa, kumbe ameajiri mlinzi.

Enzi hizo vitu vilikuwa vinamiminika Tukuyu: mitumba, redio, jenereta, na banda la video lililoonyesha watu wakipigana mateke. Wanaume walitoka mle wakirusha miguu barabarani na kuanguka kwenye matope. Wifi alitoka kimya. Haukupita muda nikamkuta nyuma ya karakana ya fundi makochi, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitokea pwani, na ambaye ujanani alicheza ngumi. Fundi alimshonea glavu kwa mabaki ya vitambaa vya makochi, maua yake yakionekana vizuri, akamtundikia na gunia la pumba. Kila mara gunia lilipasuka, na kila mara fundi alilishona akinung'unika kwamba hata makochi ya baa hayamchoshi hivyo.

Dar es Salaam kulikuwa kumeanza mapambano ya wanawake, ya kulipwa: ngumi, mateke na kubwagana, vyote pamoja. Promota mmoja akaleta habari kwamba ataandaa pambano Tukuyu, na mshindi ataondoka naye kwenda Dar. Wifi hakuwahi kutaka kitu chochote namna ile. Kaka yangu, bingwa wa kukwepa maneno, akasema, "Baba akikubali, mimi sina neno."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani, anampa mgongo, anachuchumaa na kujifunika kichwa kwa kanga mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameilegeza mila hii, lakini kwa baba ilikuwa imekaza. Miaka yote waliyokaa jirani, hakuwa ameuona uso wa mke wa mwanawe. Ombi ilibidi lipitie kwangu.

"Baba, mkamwana wako anaomba, akishinda, aende Dar."

"Kupigana?"

"Kupigana."

"Mwanamke?"

"Si unamsikia anavyotwanga mahindi, baba?"

Akacheka, kisha akajikumbuka, akakunja uso. "Nitafikili."

Alifikiri mpaka kahawa ikakauka na kuanuliwa.

Pambano lilifanyika katika ghala la ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie. Asubuhi ile baba alituaga kwamba anakwenda Masoko kumwona rafiki yake mgonjwa. Alivaa koti lake zito la mtumba, na jua lilikuwa linawaka.

Mpinzani alikuwa binti wa Mbeya mjini, mrefu, mwenye miguu myepesi. Raundi ya kwanza alimchapa wifi mateke ya mapaja mpaka nikafumba macho. Ya pili wifi akaanza kumsogeza kwenye kamba, na ghala zima likasimama. Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango:

"Mwe! Mkamate kiuno! Mbwage!"

Hakuna mtu wa Lupepo asiyeijua sauti ile. Mgonjwa wa Masoko alikuwa amepona ghafla.

Wifi naye aliijua. Mwili wake ukafanya ulichozoea: akageuza mgongo, akachuchumaa, akajifunika kichwa kwa zile glavu za maua. Binti wa Mbeya alibaki na ngumi hewani, akitafuta mtu wa kumpiga. Refa, mgeni kutoka Dar, akamsukuma kando na kuanza kuhesabu.

"Hajapigwa! Ameheshimu!" mama mmoja akamfokea. Refa aliendelea kuhesabu. Sheria zake hazikuwa na kifungu cha wakwe.

Nilitamani kulia kwa hasira. Mlango ulikuwa umezibwa na watu, baba hakuwa na pa kutokea. Nikamwona anavua koti. Akajifunika nalo kichwa chote, mzee mzima, mbele ya majirani zake, akakaa chini.

"Mwambieni sipo!" akasema ndani ya koti.

"Wifi, simama!" nikapiga kelele. "Baba amejifunika!"

Refa alipofika nane, wifi akasimama. Nikajipenyeza mpaka alipokuwa baba.

"Amesimama?"

"Amesimama."

"Nisimulie."

Mimi si mtangazaji. Nilimwambia, "Wanapigana, baba. Bado wanapigana. Amemkamata! Amembwaga!" Hapo binti wa Mbeya alikuwa anapigapiga sakafu kwa kiganja, akiomba aachiwe.

Refa alipouinua mkono wa wifi, wifi aliangalia koti liko upande gani, akapiga magoti kuelekea huko, mkono mmoja bado umeshikwa juu. Nilimjivunia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Wifi alikuwa mbele sana na akina mama wakiimba, mimi na baba nyuma, ili wasikutane. Tulipoanza kuona migomba yetu, nikamwuliza.

"Umeshafikiri, baba?"

"Nimefikili." Akalikung'uta koti lake, akalitupa begani. "Mwambie mwenzako, akifika Dalisalama, asitangulize goti la kushoto anapombwaga mtu. Ataliumiza."

Nikasimama njiani, yeye akaendelea kutembea. Mimi nilimwambia amembwaga tu. Habari za goti sikuzitaja.