Wimbo wa Kinyozi Haurukwi

Kinyozi wa pale kona ana sharti moja. Mteja huweka wimbo anaoupenda siku hizo, naye kinyozi huusikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso, kisha inakuja zamu yake. Zamu yake ni progresivu roki, ule muziki wa magitaa wenye nyimbo ndefu, dakika ishirini na tatu, ngoma zikibadili mwendo kila unapodhani umezizoea. Zikibadilika, mashine husimama hewani, kidole chake kidogo kikihesabu mapigo, ndipo anarudi kichwani. Jumamosi moja dereva wa lori, nusu ya kichwa imeshanyolewa, alinyoosha mkono kwenye simu iliyokuwa ikipiga wimbo huo.

"Kelele gani hizi, bwana? Ruka hii!"

Kinyozi alizima mashine, akaiweka mezani, akaenda kuketi kwenye benchi la wateja.

"Wako nimeusikiliza wote, kaka. Wangu haurukwi."

"Sasa utaniacha hivi?"

"Mlango huo hapo."

Dereva alijitazama kwenye kioo, upande wenye nywele na upande mweupe, akanywea. Dakika ya ishirini ya wimbo kiatu chake kilianza kugonga sakafu, kikapotea, kikalitafuta pigo upya. Kinyozi alikiona. Akakunja nne.

"Bado dakika tatu," alisema, na mashine akaiacha palepale.