Jiwe la Kilo Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na Mkaguzi Mkuu wa Vipimo aliviona kabla hajaniona mimi. Alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye sauti ya mhubiri. Alinipeleka kwenye ukuta wa ofisi yetu hapa Kisumu palipoangikwa ramani ya ziwa na kipimajoto. Chini yake, mezani, palikuwa na mizani ya sahani mbili.

"Kijana, ramani ina skeli yake: sentimita moja hapa ni kilomita ngapi ziwani? Kipimajoto kina sifuri yake, pale barafu inapoyeyuka. Mizani ina jiwe lake. Kila kipimo kimeegemea kitu kimoja tunachokiamini. Hicho kikiharibika, vingine vyote vitadanganya, tena kwa adabu sana."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mawe yetu ya kupimia yalikuwa ya chuma. Chini ya kila jiwe palikuwa na shimo lililozibwa kwa risasi, yale madini laini na mazito, ili uzito utimie barabara, na juu ya risasi hiyo ndipo muhuri ulipogongwa. Mkaguzi Mkuu alikuwa na amri moja: kila asubuhi kabla ya safari, pindua jiwe uione risasi, kisha ulilinganishe na lile la shaba lililofungiwa kabatini. Miaka miwili nilipindua mawe kama mtu anayechoma mahindi.

Halafu nikatumwa Muhoroni kukagua mizani ya kupimia malori ya miwa. Barabara ile, jamani! Wiki nzima Land Rover iliturusha huku na huko, mimi na mawe yangu. Jumatatu iliyofuata nilitakiwa soko la Kombewa kukagua mawe ya wachuuzi, nikachelewa kuamka, nikaondoka bila kupindua chochote.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Akinyi, mjane aliyenunua mbuta kwa wavuvi na kulea watoto watano kwa mizani hiyo hiyo. Niliweka jiwe langu la kilo tano sahani moja, lake sahani ya pili. Lake likashuka. Sasa, mnunuzi mwenye jiwe zito anajipatia samaki wa bure kila siku, na wavuvi wenyewe walikuwa wamesimama pale pale.

"Yawa!" mmoja akapaza sauti. "Kumbe ndiyo sababu nyumba yake ina mabati mapya!"

Mama Akinyi akanikazia macho. "Bwana Mizani, hili jiwe ulilipiga muhuri wewe mwenyewe mwaka jana. Limenenepa kwa kula nini?"

Watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nimeshatoa fomu ya kulichukua jiwe na kumfikisha kortini. Akaliwekea jiwe lake mkono juu. "Ukilibeba hili, umebeba jina langu. Nani ataniuzia samaki tena? Pima kwanza la jirani."

Nikapima la jirani. Likashuka. La tatu pia.

"Basi Kombewa nzima ni wezi," akasema, "malaika ni wewe peke yako?"

Nililipindua jiwe langu. Shimo lilikuwa tupu, halina risasi wala muhuri. Nilipoitafuta, risasi ilikuwa chini ya kiti cha Land Rover, katikati ya maganda ya miwa.

Sitawadanganya, niliwaza kusema mizani imeharibika na kuondoka zangu. Lakini wavuvi wangebaki na neno lao, naye Mama na aibu yake. Nilipanda juu ya kreti ya soda, nikaliinua jiwe wote walione lile shimo. "Jiwe la Mama ni sawa. Bovu ni hili langu!" Soko zima likavunjika mbavu kwa vicheko. Yule mvuvi wa mabati alikuja mwenyewe kumwomba Mama msamaha. Mama Akinyi akaninyooshea mbuta mkubwa, nikakataa, kwani mkaguzi hapokei zawadi.

"Haya," akasema, "nitakuwekea."

Ofisini nilimweleza Mkaguzi Mkuu kila kitu. "Umeyasema mbele ya watu?" "Ndiyo, mzee." Akacheka mpaka akavua miwani, akaniamuru nirudi kesho yake nipime soko zima upya.

Nilistaafu miaka ya tisini, mtu mwenye furaha, na mpaka leo nikinunua sukari mkono wangu hutaka kupindua jiwe la muuzaji. Siku iliyofuata baada ya kukabidhi muhuri, mlango wa nyumba yangu mtaani Migosi uligongwa. Alikuwa Mama Akinyi, mvi kichwani, na beseni lililowalemea yeye na binti yake. Ndani mlikuwa na mbuta ambaye mkia wake ulining'inia nje.

"Leo wewe si mkaguzi," akasema. "Pokea."

"Mama! Yule wa Kombewa hakuwa mkubwa hivi. Amenenepa kwa kula nini?"

"Kwa kukungoja," akasema, akaingia jikoni kutafuta kisu.