Siku ya Tano ya Fundi Feruzi

Fundi Feruzi wa Kabondo alianza kuvuta sigara akiwa na miaka kumi na sita, na kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyemwona kwenye cherehani bila kitu kinachofuka pembeni mwa mdomo. Alishona hivyo hivyo, jicho moja limefumbwa kwa sababu ya moshi, jingine kwenye sindano. Wateja walizoea. Nguo ikitoka kwake waliianika nusu siku ndipo waivae, na wakikuta tundu dogo la cheche mahali pasipoonekana walinyamaza, maana libaya, ile blauzi ya kitenge ya kina mama, hakuna aliyeikata vizuri kumshinda yeye.

Msidhani aliacha kwa ajili ya mapafu yake. Kwa mapafu yake asingeacha hata kwa viboko. Aliacha kwa ajili ya kifua cha mama mkwe.

Mama huyo, Rachida, aliletwa kutoka Banalia kifua kikimlia filimbi. Binti yake Hadidja, ambaye ndiye mke wa Feruzi, alimpeleka zahanati. Wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakasema arudi kila Jumatano alasiri kwa wiki sita. Muuguzi hakuzunguka: kama nyumbani kuna mtu anavuta sigara, dawa hizo ni sawa na kuzimwaga mtoni. Hadidja aliporudi hakumgombeza mumewe. Alimtandikia mama yake chumba cha nyuma, akachukua gunia, akaziba uwazi uliokuwa chini ya mlango ili moshi wa chumba cha cherehani usipite. Feruzi aliliona gunia lile, na lilimuuma kuliko maneno.

Jumatatu akaacha. Tena akatangaza barabarani, kifua mbele, kama mtu aliyechaguliwa mbunge. Hakuna aliyemtuma kutangaza.

Siku ya kwanza ilipita kwa majivuno. Iliyofuata, mikono ilianza kutafuta yenyewe: ilipapasa mfuko wa shati, ikapapasa mezani, ikarudi mfukoni. Muuguzi alikuwa amempelekea maneno kupitia Hadidja kwamba hamu ikija haikai, ni dakika chache tu. Anywe maji, asimame, atembee. Basi alikunywa maji na kuzunguka nyumba yake mpaka kuku wakaanza kumkimbia. Alitafuna makasu, zile kokwa chungu, alitafuna karanga, alitafuna miwa. Dakika chache zilipita kweli, kisha zikarudi na ndugu zake.

Halafu ikaja hasira, na hiyo hakuna aliyemwonya. Uzi ulikatika, akaupiga teke mguu wa cherehani. Hadidja alipotwanga lituma ya mchana, zile ndizi za kuponda, Feruzi alimwambia anatwanga kama anayeua nyoka. Alimgombeza Wenceslas, jirani mwenye ligablo, kile kibanda cha bidhaa ndogondogo ng'ambo ya barabara, kosa lake likiwa ni kuketi pale mbele ya pakiti za sigara alizoziuza siku zote. Kila mara baada ya kufoka alijisikia mdogo, na kila mara aliahidi moyoni kwamba ndiyo ya mwisho.

Kitu kimoja tu hakikuguswa na hasira zake, nacho ni mama mkwe. Huku mkwe ni bokilo, na bokilo ni mtu wa kuinamishiwa macho. Huli naye sahani moja. Humwiti "wewe". Ukiwa na neno naye unaliambia ukuta, au unamtuma mkeo. Feruzi alikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na hakuwahi kumtazama Mama Rachida usoni. Alimjua kwa miguu yake na kwa sauti.

Ijumaa, siku ya tano, Hadidja alikwenda sokoni. Mama Rachida akasimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani.

"Bokilo, munipatie kazi kidogo ya mikono. Kukaa bure kunanichokesha."

Wakati ule Feruzi alikuwa na sindano katikati ya midomo pale ambapo sigara ingekaa, na hamu ilikuwa imempanda hadi utosini. Aliuangalia ukuta.

"Kuko nguo ya kufumua, mama. Iko pale kwa kiti."

Akaonyesha kwa kidevu, bila kugeuka. Kisha akatoka mbio kuzunguka nyumba, na kutoka huko akapitiliza msikitini kwa sala ya Ijumaa. Hata huko, aliposujudu, alinusa mkeka akitumaini labda kuna mtu aliyetoka kuvuta.

Aliporudi alimkuta Mama Rachida ameketi sakafuni, mbele yake libaya ya mteja wake Solange imetandazwa vipande vipande. Mikono huku, kola kule, mgongo katikati. Ni libaya ya harusi ya kesho, iliyomla siku tatu, aliyoimaliza jana yake. Mama alikuwa ameifumua kwa uangalifu mkubwa, hakuchana hata uzi mmoja wa kitambaa, na uzi wenyewe ameuzungusha vizuri kwenye kipande cha karatasi ili usipotee.

Hapo damu ilimchemka, na mdomo ukatangulia kichwa.

"Wewe mama! Uko na macho ya nini? Umeniua! Ni juu yako minateseka hivi, siku tano minateseka, na wewe unanifanyia hii? Rudia kwenu Banalia, wewe na hiyo kifua yako!"

Dirisha lilikuwa wazi. Toleka wawili, wale waendesha baiskeli za kubeba abiria, walisimama barabarani. Wenceslas aliinuka kwenye ligablo lake. Mwanamke aliyekuwa anapima makaa aliacha mkono hewani.

Mama Rachida aliweka kile kikaratasi cha uzi mezani taratibu, akajishika ukutani, akasimama. "Munisamehe," alisema, akaenda chumbani. Filimbi ya kifua ilisikika mpaka mlango ulipofungwa.

Feruzi aligeuka atafute pa kukaa, na ndipo alipokiona kiti cha pili. Viti vilikuwa viwili. Kwenye kile cha karibu na ukuta lilikuwa limelala gauni kuukuu la Hadidja, lile la kufumuliwa ubavuni ili liongezwe. Alikuwa amelisahau. Alimwambia mama wa watu "kwa kiti" na kumwonyesha kwa kidevu kama mtu anayefukuza nzi, na kidevu, tuseme ukweli, kiliangalia kiti chenye libaya ya Solange. Mama alifanya kile hasa alichoambiwa.

Mtu mwingine angemfuata palepale akagonge mlango. Feruzi alivuka barabara.

"Nipe moja," alimwambia Wenceslas.

"Feruzi, siku tano."

"Nipe, sikuombi mahubiri."

Aliivuta nyuma ya ligablo, amechuchumaa kama mwanafunzi aliyetoroka darasa. Mikupuo miwili ya kwanza ilikuwa tamu mno. Wa tatu haukuwa na ladha. Aliimaliza hivyo hivyo, mpaka ikamchoma vidole, na moyoni mwake alijua kwamba sasa hana hata kile alichomtukania mama wa watu.

Habari zilimkuta Hadidja kabla hajafika uani. Kabondo habari hazingoji mtu atue kikapu. Aliingia chumba cha nyuma, akakuta kibunda cha mama yake kimefungwa kwa kitenge, na mama ameketi juu ya kitanda tayari, viatu miguuni. Alisema amekumbuka mbuzi wake. Alisema amepona.

Hadidja alitoka, akasimama mbele ya mumewe. Hakulia, hakupaza sauti.

"Pikipiki ya Banalia itakuja saa tisa. Dawa zake hazijafika hata nusu, na kule hakuna zingine. Unajua namna ya kwetu. Mutu akimutukana mama, anapiga magoti, anafungua mikono, mama anapuliza ndani ya mikono. Akipuliza, neno limekwisha. Asipopuliza, mama anaenda, na mimi minamusindikiza."

"Nitaenda kupiga magoti," alisema Feruzi. "Niache ninawe kwanza."

Hadidja alidhani ni adabu.

Alinawa kwa sabuni. Akanusa vidole. Akanawa kwa majivu, akanusa; akakamua ndimu, akasugua mpaka ngozi ikawasha, akanusa tena. Harufu ya miaka ishirini na minane haitoki kwa ndimu, na ile ya robo saa iliyopita ilikuwa juu yake, mbichi kabisa. Alitafuna makasu mawili kwa pamoja. Mama angeinama juu ya viganja vile. Ili apulize ilibidi kwanza avute pumzi, na pumzi hiyo angeivuta kutoka mikononi mwake. Feruzi alitamani pikipiki iharibike njiani. Alitamani augue yeye. Muungurumo ulipokuja ukatulia langoni, alikuwa bado ameshika kopo la maji.

Akaingia. Akapiga magoti sakafuni mbele ya ile miguu aliyoijua. Mikono aliificha nyuma.

"Mama, viti vilikuwa viwili," alisema. "Sikuwaonyesha muzuri. Kosa iko yangu, na nikawatukana juu ya kosa yangu."

"Fungua mikono," Hadidja alimwambia.

Hakufungua. Jasho lilimtiririka shingoni. Angeweza kusema uongo, angeweza kusema amejikata, na kwa muda alitafuta uongo huo. Kisha akasema, "Mikono inanuka likaya, mama. Nimevuta. Kisha kuwatukana nilienda kuvuta."

Hadidja alishika kichwa. Nje mwenye pikipiki alipiga honi.

"Minasikia harufu tangu umeingia," alisema Mama Rachida. "Lete."

"Itawaumiza, mama."

"Lete mikono, nimesema."

Akaileta. Mama aliinama, akavuta pumzi, na kikohozi kikamkamata kabla hajapuliza. Alikohoa mpaka Hadidja akamkimbilia na dawa, lakini aliisukuma pembeni. Akainama mara ya pili. Kikohozi kikaja tena, kirefu zaidi, na Feruzi alisikia kila kipande chake kikimpita. Alitaka kuondoa mikono. Lakini kuiondoa ni kukataa msamaha, na kuiacha ni kumwua mama wa watu, basi akaiacha pale, akilia waziwazi, mtu mzima wa miaka arobaini na minne.

Mara ya tatu pumzi ilifika. Ilikuwa nyembamba mno, hata isingeweza kuzima kibiriti. Aliisikia kati ya viganja, ya uvuguvugu, kisha ikaisha.

"Hadidja, fungua kibunda," alisema mama akihema. "Na huyo wa pikipiki aende zake."

Ndipo akaivuta dawa, akangoja kifua kitulie. Feruzi alibaki magotini, asijue kama ameruhusiwa kuinuka.

"Ile ya kufumua," mama akamuuliza, "ni ya kiti gani?"

"Cha karibu na ukuta, mama," Feruzi aliiambia sakafu.

"Hapana. Umetukana mbele za watu, haya imekwisha kuanguka chini. Niangalie, kisha unionyeshe na mukono."

Feruzi aliinua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja aliuona uso wa mama mkwe wake, na ulikuwa umelowa machozi ya kikohozi.