Heshima ya Mgeni Haimezwi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikuona unameza kidonge bila kukitazama. Nilikuwa msichana wa shule, hapa Ishiara, na mama yangu alikuwa amejikata mguu kwa jembe akipalilia ndengu. Kidonda kikatunga usaha. Zahanati ikampa antibiotiki na dawa ya maumivu, tukaona mambo yamekwisha.

Kisha wageni wakaanza kuja. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Wanawake wa kanisani walileta uji wa mtama, na kila mmoja akafungua pindo la leso akatoa vidonge vilivyomponya yeye mgongo au kichwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wale walikuwa marafiki wa kweli. Mama naye alikuwa na adabu kupita kiasi. Kukataa cha mgeni aliona ni kumtukana, basi akameza cha kila mmoja mbele yake, akishukuru. Uji tuliunywa sisi watoto, kwa kuwa yeye hakuwa na hamu ya kula.

Siku chache baadaye akawa anatapika, na macho yakageuka manjano. Nilidhani anakufa. Tulimrudisha zahanati, nyanya, mama yake mzazi, akivibeba vidonge vyote vilivyobaki kwenye kiondo. Muuguzi alivitazama, akatueleza kwamba antibiotiki haikuwa na kosa. Vingi vya vile vya leso vilikuwa dawa ileile ya maumivu aliyopewa pale, majina tu ndiyo tofauti, nayo ikizidi huumiza ini. Vingine vilikuwa vya aina inayochoma tumbo. Mama akapelekwa hospitali ya Embu, akalazwa.

Alipopata nafuu, nyanya hakumgombeza. Alimwambia tu, "Binti yangu, heshima ya mgeni hupokewa kwa mikono miwili. Haimezwi."

Basi, mwanangu, dawa nyingi za maumivu hazigombani na antibiotiki, ila zipo zinazogombana, na kwa macho huwezi kuzijua. Kuuliza si ujinga. Mwambie muuguzi au mwenye duka la dawa kila unachomeza, hata kile kidogo cha kichwa. Soma kilichomo ndani, usifuate jina la juu. Usizidishe kipimo, na antibiotiki uimalize kama ulivyoagizwa, hata maumivu yakikuachia mapema.

Mungu akupe afya, mwanangu. Akupe na majirani wengi, na siku ukiugua wakuletee uji.